Eda ya Rumana

Siku ya themanini na nane niliamka na furaha. Nilioga mara mbili, nikavaa kanzu niliyofungia ndoa, nikajifukiza udi mwenyewe kwa kuwa hakukuwa na wa kunifukiza. Rafiki yangu aitwaye Mkubwa, muuza vitasa na misumari wa Darajani aliyenilaza kwake niliporudi kutoka shamba, Paje, alisimama mlangoni akanitazama kama anayetazama mtu aliyevaa viatu vya rangi mbili.

"Weye unakwenda kuoa au kurejea?"

"Kurejea. Kuoa nshaoa."

"Basi mbona unatetemeka?"

"Sitetemeki. Nna njaa."

Uongo. Mkewe alitupikia mkate wa kumimina na sikuugusa. Macho yangu yalikuwa kwenye picha iliyoegemezwa ukutani, nimeifunga kwa kanga mbili na kamba ya katani, na ndani yake ulikuwemo uso wa mke wangu. Au wa mwanamke niliyedhani bado ni mke wangu.

Asiyejua habari yangu nitamweleza, lakini asinionee huruma. Miaka minne nilikuwa mume wa Rumana binti Nadir, wa mtaa wa Gizenga. Mtaa wenyewe mnaujua. Maduka ya kanga, viungo, vinyago na mapambo ya fedha yamebanana bega kwa bega, na asubuhi wachoraji tunatundika picha zetu nje mpaka kuta hazionekani. Baba yake aliuza masanduku ya njumu yaliyopambwa kwa misumari, vyombo vya shaba na saa za ukutani. Mimi niliuza picha, duka langu linatazamana na lake. Tangu mlango wake hadi wangu ni hatua kumi na moja, nilizipima siku nilipompenda.

Bwana Nadir hakunitaka. Wazee wake walitoka Kachi, ng'ambo ya bahari, na biashara yao mkononi, babu yangu alitoka bara akabeba mizigo bandarini Malindi, hapahapa mjini. "Binti yangu nimpe mtu anayefuta mikono kwenye suruali?" alisema, na mtaa mzima ukasikia. Rumana hakubishana naye. Alikataa tu kila aliyeletwa, mmoja baada ya mmoja, kwa miaka miwili, mpaka mzee akachoka. Siku alipokwenda kumuuliza kama ananikubali, Rumana aliinamisha kichwa akanyamaza, na kimya kile cha mwari kikapigiwa vigelegele mpaka nikavisikia dukani kwangu. Tukahamia juu ya duka langu.

Nilimchora mara nyingi, mikono yake, miguu yake ikiwa na hina, mgongo wake akisuka nywele. Picha hizo zilikuwa zetu wawili, hazikushuka ngazi. Sharti lake lilikuwa moja: uso wake usitoke nje. Mwaka huu nikamchora ameegemea dirisha, anatazama chini mtaani, na uso ukatoka vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kukichora. Na mimi, mjinga niliyelewa kwa kazi yangu mwenyewe, asubuhi moja ya wageni wengi nikautundika mlangoni.

Wageni wakaanza kupiga picha mbele yake. Bwana Nadir akaona kutoka ng'ambo, akaingia ndani akafunga mlango wake saa nne ya asubuhi. Rumana akateremka kwa mtandio wa ndani, miguu mitupu.

"Muhiddin, niondoe pale."

"Picha yangu, duka langu."

"Na uso?"

Mtu mmoja akacheka. Nikimkumbuka mtu yule hadi leo nataka kumtafuta. Damu ikanipanda, nikasema mbele ya wauza kanga na wapita njia, "Basi Rumana, nimekuacha. Talaka moja."

Hakulia. Alipanda juu, akashuka na mkoba mmoja, akavuka zile hatua kumi na moja. Saa moja baadaye mwenye hoteli wa Paje akapita, akaipenda picha, nikampa. Nilitaka itoke machoni mwangu.

Talaka moja haimalizi mambo. Wakati wote mke akiwa edani, akingoja muda wake kabla ya kuweza kuolewa tena, mume anaweza kumrejea kwa maneno mawili tu, bila ndoa mpya wala mahari mapya, mkwe apende asipende. Eda ikisha, maneno yale hayana kazi tena, mke anakuwa mtu mbali. Na eda ni miezi mitatu. Barazani kila mtu anasema miezi mitatu. Nikachukua kalenda nikahesabu siku tisini, ya mwisho nikaizungushia rangi nyekundu.

Siku arubaini za mwanzo nilikaa dukani na kiburi changu. Dirisha lake la juu lilikuwa wazi tangu asubuhi hadi jioni, nami sikuinua kichwa. Kisha kiburi kikaisha, ikabaki aibu. Nikajua siwezi kumrejea mikono mitupu wakati uso wake umetundikwa hotelini. Nikafunga duka, nikaenda Paje nikamwambia mwenye hoteli nitamchorea kuta zake zote, anirudishie picha ile. Wiki sita nilichora pweza na wanawake wa mwani, nikilala kwenye chumba cha kuwekea ngazi.

Mara moja Rumana alipiga simu. Nilikuwa juu ya ngazi, mikono imejaa rangi. Niliposhuka nikaona jina lake kwenye kioo. Sikumpigia. Nilijiambia nna wiki tatu bado, nitamfika na picha mkononi nimshangaze. Na pembeni, kwa sauti ndogo, nikajiambia: acha na yeye anitamani kidogo.

Hayo ndiyo yaliyokuwa nyuma yangu Jumatano ile, tulipoingia Gizenga baada ya Adhuhuri, mimi na picha kwapani, Mkubwa nyuma yangu akiwa shahidi. Wa pili tungempata palepale, Gizenga haikosi watu.

Dirisha la juu lilikuwa limefungwa.

"Labda jua," nilimwambia Mkubwa.

"Labda," akasema.

Bwana Nadir alikuwa ndani anasugua birika la shaba. Nyuma yake palikuwa na pazia la kijani linaloficha ngazi ya kupandia nyumbani.

"Assalamu alaykum, baba. Shikamoo."

"Waalaykumu salaam." Shikamoo yangu aliiacha hewani.

"Baba, nimekuja kumrejea mke wangu. Huyu Mkubwa ni shahidi."

"Mke wako yupi?"

Nilidhani ananikejeli. Nilistahili kukejeliwa, nikavumilia. "Rumana, baba. Leo siku ya themanini na nane. Zimebaki mbili."

"Mbili za nini?"

"Za eda."

Akaliweka birika chini. Nilitegemea hasira. Hasira ya Bwana Nadir niliizoea, nilijua pa kusimama ikinijia. Alichonitazama nacho hakikuwa hasira.

"Bi Mwanapili!" aliita.

"Naam!"

"Teremka tafadhali. Haya mambo yenu, miye siyawezi."

Bi Mwanapili alikuwa mama mkubwa wa Rumana, dada wa marehemu mama yake, na ndiye aliyemlea. Aliteremka polepole, akalivuka pazia, akakaa juu ya sanduku la njumu akinitazama kuanzia kofia hadi makubadhi.

"Umekonda, Muhiddin."

"Shikamoo, Bi Mwanapili."

"Marahaba. Nani kakwambia siku tisini?"

"Kila mtu. Eda si miezi mitatu?"

"Miezi mitatu ni eda ya mtu kama miye, aliyekwishakatikiwa na siku zake. Au ya kitoto kisichoanza. Mwanamke anayeziona siku zake hahesabiwi kwa kalenda. Anahesabiwa kwa twahara, siku za usafi baina ya damu na damu. Twahara tatu, akishaingia kwenye damu ya tatu tangu umwache, kwisha. Hukufundishwa chuoni?"

Bwana Nadir aligeuka akaanza kuitia ufunguo saa ambayo haikuhitaji ufunguo.

Nilifundishwa. Nakumbuka hata siku yenyewe. Mwalimu anasoma mlango wa talaka, na mimi nyuma ya mkeka nachora ndevu zake sakafuni kwa mkaa.

"Imekwisha lini?" niliuliza.

"Leo siku ya kumi na tisa."

Mkubwa akasema "Laa ilaha illa llah" chini kwa chini. Mimi nikafanya jambo ambalo sasa nikilikumbuka nataka kufunika uso. Nilipiga kelele. "Nimemrejea! Mkubwa, shuhudia! Nimemrejea mke wangu Rumana! Nimemrejea!" Wageni wawili waliokuwa wakitazama sahani za shaba mlangoni wakaziacha wakaondoka. Muuza viungo wa jirani akachungulia.

"Piga kelele mpaka Malindi wakusikie," alisema Bwana Nadir. "Huna mke humu."

"Baba, siku kumi na tisa! Miaka minne na siku kumi na tisa, wapi na wapi?"

"Ulimwacha kwa pumzi moja mbele ya mtaa mzima. Leo unanifundisha hesabu?"

"Mwache, baba."

Sauti ilitoka nyuma ya pazia. Miezi mitatu kasoro siku mbili sikuisikia sauti ile, na mwili wangu ukageukia kule kabla sijaamua. Nilipiga hatua. Bi Mwanapili akanyoosha mkono wake mmoja mbele yangu, basi, nikasimama.

"Rumana, kaa juu," alisema baba yake.

"Nna jambo moja la kumuuliza. Bi Mwanapili yupo hapa."

Mzee akanitazama, akalitazama pazia. Kisha akamshika Mkubwa mkono wakatoka nje, wakakaa barazani wakitupa migongo.

Chini ya pazia niliziona ncha za vidole vya miguu yake. Nilivijua kimoja kimoja, nilishavichora. Sikuthubutu kusogea.

"Naona kanga," alisema. "Umebeba nini?"

"Picha yako. Nimekurudishia."

"Ilikuwa wapi?"

"Paje. Mwenye hoteli alikuja siku ileile, saa ileile, nikampa. Sikuwa na akili, Rumana. Nimemchorea kuta zake zote wiki sita anirudishie. Nililala na ngazi. Kila nikichora jicho la mtu linatoka lako, nalifuta, nachora samaki."

"Aliitundika wapi?"

Nilitaka kusema stoo. "Pale wanapopokea wageni."

"Watu wangapi wameniona?"

"Sijui."

"Mia?"

"Sijui, Rumana. Zaidi."

Mikono yangu ilianza kufungua kamba, sijui kwa nini, nadhani nilitaka angalau mimi niuone.

"Usifungue," alisema, kama aliyeniona. "Sasa nawe unataka kuniona."

"Wallahi nataka. Hata mkono. Hata ukucha."

"Huwezi. Miye kwako mtu mbali sasa. Kila mgeni aliyefika Paje kaniona, ila weye." Hakulisema kwa ukali. Alilisema kwa uchovu, kama mtu anayesoma barua ya zamani. "Ijumaa ya wiki tatu nyuma ulikuwa wapi?"

"Paje."

"Baada ya Alasiri?"

Hapo nilielewa. Nililielewa lote kwa mara moja, na nikatamani sakafu ya Bwana Nadir ifunguke na masanduku yake yote.

"Simu yako ilikuwa na chaji?" aliuliza.

"Ilikuwa nayo."

"Uliona nimepiga?"

Uongo ulikuwepo tayari mdomoni, mzuri kabisa, wenye mtandao mbaya wa Paje na simu iliyoanguka. Niliumeza. Nilikwisha kumdanganya kwa kunyamaza, sikutaka kumdanganya na kwa maneno.

"Niliiona."

Bi Mwanapili alishusha pumzi.

"Nilisema nna wiki tatu," nikaendelea, maneno yanagongana. "Nilisema nikushangaze. Nilitaka nije na picha, nikwambie nimeiondoa, kama ulivyoniambia. Rumana, nilidhani nna wiki tatu!"

"Na nini kingine ulisema?"

"Kipi?"

"Nimekaa nawe miaka minne, Muhiddin. Nakujua. Nini kingine?"

Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta, Mkubwa na mkwe wangu wakigeuka na waone. "Nilisema acha na yeye anitamani kidogo."

Nje Bwana Nadir alikohoa. Ndani saa zake zilikuwa zinagonga kila moja kwa wakati wake, kama zilivyogonga siku zote.

"Siku ile," Bi Mwanapili aliniambia mimi, lakini macho yake kwenye sakafu, "alivaa buibui lake akavuka akakaa barazani kwako. Mlango wako una kufuli. Kila anayepita anamwambia Muhiddin hayupo, yuko shamba. Anaitikia, anakaa. Nilimfuata nikamwambia mwanangu, watu wanaona. Akanambia waone, washaniona sana. Alikaa tangu Alasiri mpaka Magharibi."

"Nilijua mwili wangu," alisema Rumana. "Nilijua sifiki asubuhi. Nikasema nitakaa mlangoni pake, akitokea tu akiniona atasema. Maneno mawili. Ungeyasema hata kwa simu, na rangi zako mikononi. Ningechukua mkoba wangu nikavuka usiku uleule, na picha ibaki huko Paje milele."

"Kwa nini hukupiga tena? Ungepiga tena, Rumana, mara ya pili ningepokea!"

"Mwanamke aombe kurejewa mara ngapi?"



"Nikisema tumbo linaniuma ulikuwa unakwenda kuninunulia tangawizi," aliendelea, na hapo sasa sauti ikavunjika. "Kila mwezi. Hukuwa ukisubiri nikwambie. Siku zangu ulikuwa unazijua kuliko miye. Ulipokaa na kalenda yako ukahesabu mpaka tisini, hukukumbuka kama unayemhesabu ni miye?"

Nilipiga magoti sakafuni pale. Si kwa maonyesho. Nilisema nisamehe, nilisema mara nyingi, neno likaisha maana nikaendelea kulisema. Nilimwambia nitachoma picha zote. Nitafunga duka nikauze misumari na Mkubwa Darajani. Sitoshika brashi. Bi Mwanapili akanambia ninyamaze, miguu ya mwenzangu inatetemeka, sioni? Nilikuwa naona. Vidole vile chini ya pazia vilikuwa vinajikunja na kujikunjua.

Bwana Nadir akaingia. Alinikuta pale chini.

"Simama. Hapa si msikitini."

Nikasimama.

"Sikiliza, Muhiddin. Ilipotimia wiki ya eda kwisha, Amour wa Malindi kaleta posa. Mke wake kafa mwaka jana, mtu mzima, mtaratibu. Wazee wake wamekaa hapo barazani, nikawambia wanipe hadi Ijumaa. Ijumaa hii."

"Ameshakubaliwa?"

"Nimesema wanasubiri jibu Ijumaa."

"Basi hajakubaliwa!" Nilimshika mkono, mkwe wangu niliyekuwa namsogelea kwa hadhari kama anayekaribia jiko la makaa. "Baba, na miye naposa. Naposa leo. Upya, kwa mahari mapya, kwa sharti lolote."

"Mtu hajiposei. Huna wazee?"

"Wazee n'takuletea kesho, n'takuletea ukoo mzima! Lakini leo pokea neno langu. Mkubwa, ingia, mwambie."

Mkubwa aliingia akasimama kando yangu, maskini, na harufu yake ya grisi. "Mzee, anaposa," alisema. "Kwa niaba ya wazee wake. Mimi nawakilisha."

Nilimtazama Bwana Nadir usoni na nikaona jambo ambalo sikuliona miaka sita niliyomjua. Alikuwa amechoka. Binti yake alikuwa amelia juu ya kichwa chake, darini mle, siku themanini na nane, na yeye chini anauza saa.

"Miye nilikukataa mara ya kwanza," alisema. "Nikapitwa. Safari hii sikukatalii wala sikukubalii. Atasema mwenyewe." Akaligeukia pazia. "Rumana, umesikia?"

Pazia halikujibu.

"Mwanangu, Muhiddin anakuposa. Umesikia?"

Kimya.

Vidole vya miguu vilikuwa bado pale. Hakuondoka. Nilingoja, na kadiri kimya kile kilivyorefuka moyo wangu ulianza kupanda, kwa sababu nilikijua. Kilikuwa ni kimya cha miaka minne nyuma, kile alichoinamishia kichwa, kile kilichopigiwa vigelegele. Nilimgeukia Mkubwa na meno yangu yote nje. Nilijisikia mwenyewe nikisema, "Alhamdulillahi."

"Usishukuru bado," alisema Bi Mwanapili.

"Amenyamaza, Bi Mwanapili! Umeona, amenyamaza!"

"Mwari ndiye anayenyamaza ikawa kakubali. Yule mwari? Alikwishaolewa, akaachwa. Mwanamke kama yeye lazima aseme kwa kinywa chake, sheria ndivyo ilivyo. Asiposema, hajasema." Alinyanyuka kwenye sanduku, akaichukua picha mikononi mwangu bila kuniuliza. Sikuikaza. "Kimya chake sasa ni kimya tu, mwanangu."

Alivuka pazia nayo. Nikasikia nyayo mbili zinapanda ngazi, za mtu mzima na za kijana, na ubao wa tatu ukalia kama ulivyokuwa ukilia wakati naja kumvizia zamani. Nilipotazama chini ya pazia hapakuwa na kitu.

"Ijumaa," alisema Bwana Nadir. Akachukua birika lake na kitambaa. "Baada ya sala, atasema mbele ya watu. Amour au weye. Au hata mmoja asimtake. Nenda sasa."

Mkubwa alitaka nirudi naye kwake. Nikamwambia atangulie. Alinishika bega, akaminya, akaenda zake Darajani kufungua duka.

Nilivuka hatua kumi na moja. Kufuli la duka langu lilikuwa na vumbi na sikulifungua. Nilikaa barazani, upande wa kulia, penye jiwe lililolika, kwa kuwa nilijua ndipo alipokaa. Adhana ya Alasiri ilikuwa imeadhiniwa kitambo. Wauza kanga walinisalimia, wakaniuliza habari za Paje, nikawajibu. Mgeni mmoja akataka kujua duka hili litafunguliwa lini. Fundi wa fedha wa jirani alileta kiti, nikamwambia nimetosheka na baraza. Kutoka pale unaona mtaa wote hadi unapopinda, na kila anayetokea kwenye kona unamdhania ni yule unayemngoja. Alikaa hapa, akamdhania kila mtu kuwa ni mimi.

Jua lilipotoka kwenye kuta za juu nilitoa simu. Nikalitafuta jina lake. Nikapiga.

Niliisikia ikiita. Si kwenye sikio langu tu. Niliisikia juu, ng'ambo, nyuma ya dirisha lililofungwa, mlio uleule wa zamani, haukubadilishwa. Kupitia vijiti vya dirisha nikaona kitu cheupe kimesogea, nadhani mtandio. Alikuwa karibu nayo. Alikuwa ameishika, labda. Nikasimama nimeielekeza roho yangu yote kwenye vijiti vile, nikamwambia pokea, Rumana, pokea, maneno mawili tu, hata ya kunitukana.

Ikaita mpaka ikakata.

Kidole changu kilikuwa tayari kupiga tena. Nikakiondoa. Yeye alipiga mara moja.

Wauza kanga wakaanza kushusha kanga zao, wachoraji wakaondoa picha ukutani, mtaa ukabaki na kuta zake za chokaa. Mwadhini akaanza Magharibi. Nilikaa palepale mpaka alipomaliza, kisha nikanyanyuka nikaenda kusali. Ilikuwa Jumatano. Mpaka Ijumaa ni siku mbili, na safari hii nilizihesabu sawasawa.